Baiskeli zisizo na mwenyewe: onyo la uongo lilivyonifichia bagi (kosa la programu) ya kweli

Bodi yangu, yaani kompyuta ndogo, ya pale kwenye barafu, mahali pa kuhifadhia samaki Deep Sea, ilikuwa inalala kila baada ya siku tatu, saa ingine siku nne, na mi nikawa naulaumu umeme. Leo nataka niandike ilikuwaje, tena kwa kirefu, kwa sababu nilitafuta maelezo ya jambo hili, la kunyamazisha maonyo ya mkaguzi wa memori, kwa Kiswahili sikupata, na najua kuna vijana wanaandika draiva za Linux (programu za kuongea na vifaa) peke yao vyumbani, hili litawakuta tu.

Kazi yangu hapa Tanga ni kuweka vipima joto kwenye vyumba vya baridi vya samaki. Vipima joto vinatuma namba kwa redio, kuna kadi ya redio imechomekwa kwenye bodi ndogo yenye Linux, memori yake mega 512 tu, na bodi ndo inakusanya namba zote na kumtumia mwenye mali kwenye simu. Joto likipanda usiku anajua hapo hapo, haji kukuta nguru wameharibika asubuhi. Draiva iliyokuja na kadi ilikuwa ya kerneli, yaani kiini cha Linux, ya zamani sana, haikubali kwenye mpya, kwa hiyo nikaandika ya kwangu, wiki sita hivi, na nilikuwa naipenda ile draiva kwelikweli.

Alfajiri moja, saa kumi na moja na nusu, simu inaita. Mzee wa barafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mashine yako imelala tena, na mi nina samaki wa watu humu ndani."

Nikavuta baiskeli nikashuka mpaka pale. Taa ya bodi inawaka lakini haijibu chochote, nikachomoa nikachomeka, ikaamka kama hakuna kilichotokea. Nikabadilisha chaja. Siku ya tatu ikalala tena. Nikaweka betri katikati ili umeme ukicheza isijue, ikalala tena. Mara ya nne ndo nikaja na laptopu na waya wa konsoli nikakaa nayo mpaka ikafa mbele ya macho yangu, nikaona mwenyewe: kerneli imeishiwa memori, inaua programu moja baada ya nyingine ili ipate pa kupumulia, ikafika mahali hakuna tena cha kuua.

Kwa hiyo memori inavuja. Kuna mtu anaomba memori harudishi. Sasa kilichonitesa ni kwamba mi nilikuwa na chombo cha kukamata jambo hilo hilo, kinaitwa kmemleak, nilikuwa nakitumia tangu siku ya kwanza ya ile draiva. Nikapandisha kerneli yenye kmemleak kwenye bodi pale pale kwenye barafu, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikasoma ripoti. Tupu. Hakuna hata mstari mmoja. Nikasema basi, draiva yangu iko safi, tatizo liko kwingine, nikatumia wiki mbili nzima kuipekua programu ya kutuma ripoti ambayo haikuwa na kosa lolote.

Ripoti ilikuwa tupu kwa sababu mi mwenyewe miezi mitatu nyuma niliinyamazisha.

Ngoja nieleze kmemleak inavyofanya kazi, maana bila hapo hamtanielewa. Aliiandika Catalin Marinas wa kampuni ya ARM, ikaingia kwenye Linux 2.6.31 mwaka 2009, na wazo lake nikiliweka kwa mambo ya hapa kwetu ni hivi. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi. Nenda pwani jioni wavuvi wakishaingia baharini, uone zilivyoegeshwa. Sasa chukulia kuna mlinzi pale na kazi yake ni moja, kuhakikisha kila baiskeli ina mtu wake. Baiskeli ikiingia anaiandika kwenye daftari, ikitoka anaifuta. Kila baada ya dakika 10 anazunguka eneo lote anatafuta funguo za kufuli, anapekua mifuko ya kila mtu aliyepo, mabanda ya mama ntilie, meza za wapaa samaki, kila mahali. Akikuta ufunguo wa baiskeli fulani popote pale, hiyo ina mwenyewe. Na baiskeli yenye mwenyewe anaangalia na kikapu chake, kwa sababu inawezekana ndani ya kikapu kuna ufunguo wa baiskeli nyingine, basi na hiyo nyingine inahesabika ina mwenyewe. Ile ambayo amemaliza mzunguko hajaona ufunguo wake mahali, anaiandika: hii imetelekezwa.

Baiskeli ni kipande cha memori ulichoomba kwa kmalloc na ndugu zake. Ufunguo ni pointa, yaani anwani ya kipande hicho. Mifuko ya watu ni data za kerneli yenyewe, yaani vigezo vyake vya kudumu na steki (memori ya muda) za kila kazi inayoendelea. Vikapu ni hivyo vipande vya memori vyenyewe, maana kipande kimoja kikiwa na pointa ya kingine ndani yake kinakiokoa. Kwa chaguo la kawaida inaskani kila dakika 10, na kitu ambacho hakijafikisha sekunde 5 tangu kiombwe haikiripoti, inakipa nafasi kwanza. Ripoti unaisoma kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak, inakuambia anwani, ukubwa, nani aliomba, na mnyororo wa fanksheni zilizopitiwa mpaka ikaombwa.

Sasa mlinzi huyu ana shida moja ambayo si uzembe wake. Anatafuta nchi kavu tu. Mvuvi aliyeingia baharini na ngalawa na ufunguo wake kiunoni, mlinzi hamuoni. Kwa hiyo baiskeli ya mvuvi itaandikwa imetelekezwa, na si kweli, mwenyewe yupo kule kwenye mwamba anavua, atarudi alfajiri.

Kwenye kerneli bahari hiyo ipo. Memori iliyoombwa kwa kurasa moja kwa moja bila kupitia kmalloc, kmemleak haiifuatilii na haiangalii ndani yake. Na draiva nyingi zinazoongea na vifaa zina meza ya maagizo ambayo kadi inaisoma yenyewe bila kumuuliza prosesa, mambo ya DMA, na meza hiyo inakaa kwenye memori ya aina hiyo. Kadi yangu, kila agizo kwenye meza lina nafasi ya baiti 8 ambayo draiva inaruhusiwa kuweka chochote, na kadi ikimaliza agizo inakurudishia vile vile. Mi niliweka pointa ya pakiti (rekodi ya ujumbe mmoja wa redio) mle. Ni njia nzuri, haraka, hakuna kutafuta pakiti kwenye orodha. Lakini maana yake pakiti ikishakabidhiwa kwa kadi, pointa pekee iliyopo duniani ya ile pakiti iko kwenye meza ya maagizo, yaani iko baharini.

Kwa hiyo siku ya kwanza tu kmemleak ikaniandikia pakiti 64, zote zimetelekezwa, na hakuna hata moja iliyotelekezwa. Meza ina nafasi 64, kila nafasi pakiti moja inasubiri. Onyo la uongo kabisa, na nililielewa, hapo sijilaumu.

Ninapojilaumu ni nilichofanya baada ya hapo.

Kerneli inakupa fanksheni za kumwambia mlinzi "hii niachie". Mbili ndo muhimu kwa leo. Ya kwanza ni kmemleak_not_leak(). Hii ni sawa na kuandika kwa chaki kwenye tandiko: mwenyewe yupo baharini. Mlinzi hataiandika tena, LAKINI kikapu chake ataendelea kukikagua. Ya pili ni kmemleak_ignore(). Hii ni kuifunika baiskeli turubai. Mlinzi haiandiki, na kikapu hakiangalii, kwake ni kama haipo. Ndani ya kmemleak wanaita kwa rangi: nyeupe ni mtuhumiwa, kijivu si mtuhumiwa lakini anakaguliwa ndani, nyeusi haguswi. Ya kwanza inapaka kijivu, ya pili inapaka nyeusi.

Mi nikachukua ignore. Nikiulizwa kwa nini sina jibu la maana, jina lilinikaa vizuri tu, "puuza", nilitaka ipuuzwe, nikaandika, nikaenda kula. Niliporudi zile pakiti 64 zimetoweka kwenye ripoti na badala yake kuna vitu vipya 64 vya baiti 2048 kila kimoja.

Hapo ndo palikuwa pa kusimama. Kila pakiti yangu ilikuwa na vipande viwili, pakiti yenyewe ambayo ni ndogo, na ndani yake kuna pointa ya bafa ya baiti 2048 ambamo data za redio zinaingia. Ufunguo wa bafa uko kwenye kikapu cha pakiti. Mi nimefunika pakiti turubai, mlinzi haoni kikapu, lazima aseme bafa zimetelekezwa. Onyo la pili nililitengeneza mimi kwa kunyamazisha la kwanza vibaya. Na badala ya kurudi nyuma nikaweka turubai la pili, nikapiga ignore na kwenye bafa. Ripoti ikawa tupu. Nikafurahi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa twende kwenye barafu. Pakiti ikifika salama, draiva inaipeleka bafa juu kwa programu, programu ikishasoma bafa inarudishwa, pakiti inarudishwa, kila kitu sawa. Lakini pakiti ikifika imeharibika, hesabu ya uhakiki haikubali, kuna njia nyingine fupi ya kuitupa, na kwenye njia ile mi niliandika kfree (ya kurudisha memori) ya pakiti nikasahau kfree ya bafa. Mstari mmoja haupo. Nyumbani kwangu Makorora mezani pakiti haziharibiki, redio ziko hatua mbili kutoka kwenye bodi, ile njia haikupitiwa hata mara moja kwa miezi yote ya kujaribu. Pale kwenye barafu kuna kompresa kubwa, ikiwaka inamwaga kelele za umeme kila upande, na kwa joto la Tanga hii kompresa haizimi sana. Nilikuja kuhesabu baadaye, ikiwa imewaka pakiti kama 40 zinaharibika kila dakika. Mara 2048 hiyo ni baiti 81,920 kwa dakika, kwa siku nzima ni karibu mega 110. Bodi ikishawasha mambo yake inabaki na kama mega 350. Siku tatu. Ile siku ya tatu ya mzee wa barafu haikuwa bahati mbaya, ilikuwa hesabu ya kujumlisha.

Kwa lugha ya pwani, mvuvi karudi, kachukua baiskeli yake kaondoka, na ufunguo uliokuwa kwenye kikapu kautupa njiani. Ile baiskeli ya pili sasa imetelekezwa kweli, hakuna kiumbe mwenye ufunguo wake. Hii ndo ambayo mlinzi aliajiriwa kuikamata. Lakini iko chini ya turubai.

Na hapa ndo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu kama ningetumia kmemleak_not_leak kwenye pakiti tu, mstari mmoja, nisiguse bafa kabisa, mambo yote yangekaa sawa yenyewe. Pakiti ina chaki, haiandikwi. Kikapu chake kinakaguliwa, bafa inaonekana ina mwenyewe, haiandikwi. Na siku pakiti ikifutwa bila bafa, kikapu kimeondoka, ufunguo haupo tena, mlinzi anaiandika bafa palepale kwenye mzunguko unaofuata. Usiku ule ule niliolala na laptopu pale kwenye barafu ningekuta mamia ya vitu vya baiti 2048 yananisubiri, kila kimoja na mnyororo wa fanksheni unaoishia kwenye draiva yangu.

Mwishowe nilifikaje? Si kwa kmemleak. Nilichoka nikafungua slabtop, inayoonyesha memori ya kerneli imetumika kwa vipande vya ukubwa gani, nikaiacha inakimbia, nikaona mstari wa kmalloc-2k unapanda, unapanda, haushuki hata kompresa ikizimwa, unasimama tu pale ulipofika. Kwenye bodi ile nani anaomba vitu vya baiti 2048 kwa wingi? Mimi. Nikafungua draiva nikatafuta neno kmemleak, nikakuta maturubai yangu mawili, hakuna hata neno moja la maelezo juu yake kwa nini yamewekwa. Miezi mitatu tu na mi mwenyewe niliyeandika sikukumbuka nilikuwa nawaza nini.

Nikayafuta yote mawili, nikaweka not_leak moja, nikapeleka bodini. Nikafanya ile ya kuandika clear kwenye faili la kmemleak, ambayo inasamehe vyote vilivyokwisha kuripotiwa ili uone vipya tu, nikasubiri mzee awashe kompresa, nikaandika scan kuilazimisha izunguke muda ule ule. Mzunguko wa kwanza vichache. Wa pili 31 vipya. Nikasoma kimoja: ukubwa 2048, aliyeomba ni softirq, namba ya kazi 0, yaani imeombwa wakati kerneli inahudumia kadi, si programu yoyote ya mtumiaji. Kwenye baiti za mwanzo zilizochapwa nikaona namba ya kipima joto changu cha chumba cha pili, naijua kwa macho, kisha takataka. Pakiti iliyoharibika njiani. Nilikaa pale kwenye kreti la samaki nikaiangalia ile ripoti muda mrefu tu, mzee akaniuliza "vipi, imepona?" nikamwambia bado mzee lakini nimeuona ugonjwa.

Kuna kisa kikubwa zaidi ya changu cha jambo hili hili na kila anayenyamazisha maonyo akijue. Kwenye Debian, mfumo mmoja wa Linux, Septemba 2006, kulitoka toleo la OpenSSL, maktaba ya usimbaji wa siri, ambalo mistari miwili ilikuwa imezimwa kwa sababu Valgrind, ambayo ni mkaguzi wa memori wa programu za kawaida, ilikuwa inalalamika kwamba zinatumika data ambazo hazijajazwa kitu. Mstari mmoja kweli haukuwa na madhara makubwa, ulikuwa unachanganya takataka za memori kwenye bahati nasibu ya namba, nyongeza tu. Lakini wa pili ulifanana nao kwa sura, na wenyewe ndo ulikuwa unaingiza mbegu yote ya ile bahati nasibu. Ukazimwa nao. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja wa siri na mwingine kikawa namba ya kazi tu, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Watu wakatengeneza funguo za seva zao karibu miaka miwili, Debian na Ubuntu, funguo ambazo mtu angeweza kuzitengeneza zote mezani kwake na kujaribu moja moja. Luciano Bello ndo aliyeligundua, likatangazwa Mei 2008. Onyo lilikuwa la kelele, aliyelinyamazisha alikuwa na nia njema na aliuliza kabla, na bado. Mi nikisoma kisa kile zamani nilikuwa najiambia hiyo ni kwa wakubwa wenye mambo ya usalama, sikuona kama kinanihusu na vipima joto vyangu.

Wakaguzi wengine wa kerneli sina mengi ya kusema leo. KASAN, aliyeingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015, anaangalia unapogusa memori isiyo yako au iliyokwisha rudishwa, na huyo akipiga kelele karibu mara zote ni kweli, sijawahi kupata sababu ya kumnyamazisha. Wa kuangalia data zisizojazwa kitu zamani alikuwa kmemcheck, aliingia toleo moja na kmemleak akaondolewa kwenye 4.15, na alikuwa na maonyo mengi ya uongo kwenye vile vijisehemu vya biti, unajaza biti mbili yeye anaona umesoma baiti nzima, ikabidi waweke alama maalum kwa ajili hiyo tu. Sasa ivi yupo KMSAN, tangu 6.1 mwaka 2022, anafuatilia biti kwa biti, hilo la vijisehemu halimsumbui. Ila kifaa kikiandika kwenye memori kwa njia ambayo yeye haijui atasema haijajazwa, hapo unamwambia kwa kmsan_unpoison_memory() kwamba imejazwa, tena eneo lile lile tu lililojazwa na si baiti moja zaidi. Akikuambia unapeleka kwa mtumiaji nafasi tupu zilizo katikati ya struct yako (fungu la data), hilo si la uongo hata kama unaona ni nafasi tupu tu, mle kunaweza kuwa na mabaki ya siri za mtu mwingine, isafishe kwa memset, uijaze sifuri, usimzibe mdomo.

Sasa hivi kwenye draiva yangu nimejiwekea sharti, na dogo ninayefanya naye kazi anajua sitakubali badiliko lake bila hilo: kabla ya kuandika mstari wowote wa kunyamazisha, uniambie kwa mdomo pointa iko wapi. Si "haivuji kaka, niamini". Iko WAPI. Kwenye meza ya kadi, agizo la ngapi, nani ataitoa na lini. Ukishindwa kuniambia basi hujui kama ni onyo la uongo, unatamani tu liwe la uongo. Na ukishaniambia, unaandika hayo hayo juu ya mstari kwa Kiswahili au lugha yoyote ile lakini yaandikwe. Na ignore hatuigusi mpaka tuwe na uhakika kipande chenyewe hakina pointa yoyote ndani, data tupu.

Wiki iliyopita dogo kaniletea onyo kutoka draiva nyingine tunayoandika, ya mizani ya kupimia samaki, kakimbilia kwangu na simu kapiga picha skrini. "Kaka hili la uongo." Nikamuuliza iko wapi. Akaanza kueleza, iko kwenye orodha, orodha iko kwenye kifaa, kifaa kikitolewa... akanyamaza. Akarudi mezani kwake bila kumaliza. Baada ya saa nzima akaja, kumbe kifaa kikichomolewa katikati ya kupima, orodha inafutwa na vilivyomo vinabaki. Lilikuwa la kweli. Kaongeza mistari minne, onyo likaondoka lenyewe.

Bodi ya barafu leo ina siku 41 haijazimwa. Kompresa inapiga kelele kama kawaida, pakiti zinaharibika zile zile 40 kwa dakika, mstari wa kmalloc-2k umetulia palepale. Mzee siku hizi akinipigia ni kuniuliza lini naleta kipima joto cha chumba cha tatu. Na juu ya ule mstari wa kmemleak_not_leak kwenye draiva sasa kumeandikwa hivi, nanukuu nilivyoandika mwenyewe: "Pakiti hii pointa yake pekee iko kwenye meza ya maagizo ya kadi, nafasi ya baiti 8, kmemleak haioni kule. Inatolewa na fanksheni ya kumaliza agizo au ya kuzima kadi. Bafa iliyo ndani yake USIINYAMAZISHE, ikiripotiwa ni kwamba inavuja kweli, tazama njia ya pakiti zilizoharibika."